Nyumba za Kale za Essex County na Fedha Iliyopitia Zanzibar

Kwa vizazi kadhaa wenyeji wa Ipswich, mji mdogo wa Massachusetts ulio kaskazini mwa Boston, waliamini kwamba nyumba ya akina Whipple ilianza kujengwa karibu na mwaka 1640, yaani Waingereza wa kwanza wakiwa hawajamaliza hata miaka kumi mahali pale. Mwanzoni mwa karne hii wataalamu wa umri wa miti walitoboa boriti zake, wakachomoa vipande vyembamba, wakahesabu miduara ya ukuaji na kuilinganisha na miduara ya miti mingine ya eneo hilo ambayo umri wake ulikuwa umekwisha kuthibitishwa. Jibu likawa 1677. Nyumba ya akina Coffin katika mji jirani wa Newbury, iliyokuwa ikisemwa kuwa ya 1654, nayo ilipunguziwa umri hadi 1678. Kwa upande mwingine, nyumba ya mchungaji Joseph Capen mjini Topsfield ilitoka kifua mbele, kwa sababu tarehe ya Juni 1683 iliyochongwa kwenye mbao zake ilikubaliana na ushahidi wa mti wenyewe.

Naanzia hapa kwa sababu nyumba ya kale ina mashahidi wawili, mti na karatasi, na Essex County, wilaya ya Massachusetts yenye miji hiyo yote mitatu, ni mahali ambapo mashahidi hao wote wawili bado wako hai. Mti unaeleza nyumba ilijengwa lini na kwa mikono ya namna gani. Karatasi, yaani wosia, hati za mauzo, barua na daftari za hesabu, zinaeleza fedha ilitoka wapi na nani alilala darini bila jina lake kuandikwa mlangoni. Mimi nililelewa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na miaka hii ninayoishi ng'ambo nimezizungukia nyumba hizi mara nyingi. Kila nikirudi nimezidi kuamini kwamba wenyeji wamemsikiliza shahidi wa kwanza kwa makini ya kupigiwa mfano, na wa pili wamemsikiliza nusu nusu.

County hiyo iliundwa mwaka 1643 na inachukua kona ya kaskazini mashariki ya Massachusetts, ikiwa na miji mikubwa na midogo 34. Serikali yake kama chombo cha utawala ilivunjwa mwaka 1999, lakini jina limebaki, na tangu 1996 eneo lote linatambuliwa na taifa kuwa eneo la urithi. Salem, Ipswich, Newburyport, Gloucester, Topsfield, Saugus na Danvers zote zimo humo. Ipswich hujivunia kuwa na nyumba nyingi za kabla ya 1725 kuliko mji mwingine wowote wa Marekani, na nyingi kati ya hizo si makumbusho hata kidogo. Watu wanapikia humo, wanalea watoto humo na kulipa kodi.

Wajenzi wa karne ya 17 walitoka zaidi mashariki mwa Uingereza, nao walijenga kama walivyofundishwa kwao. Waliangusha mialoni na kuichonga kwa shoka na tezo ingali mibichi, kwa kuwa mwaloni uliokauka hauchongeki kwa urahisi. Kila kiungo kilikatwa kwa patasi: ulimi wa boriti moja uliingia kwenye tundu la nyingine, kisha kigingi cha mti kikapigiliwa kupitia vyote viwili, na mbao zilivyozidi kukauka ndivyo kiungo kilivyozidi kukaza. Kwa kuwa kazi hiyo yote ilifanyika chini kabla ya kiunzi kusimamishwa, fundi alitia alama kila ulimi na kila tundu lake, mara nyingi kwa nambari za Kirumi, ili siku ya kusimamisha pasitokee mkanganyiko. Ukipanda darini katika nyumba ambayo haijaguswa sana, alama hizo bado zinasomeka.

Katikati ya nyumba lilisimama dohani kubwa la matofali lenye meko pande zote mbili, na vyumba vikapangwa kulizunguka, kwa sababu majira ya baridi ya huko hayana huruma. Boriti kuu ilikatiza chumba kutoka kwenye dohani hadi ukuta wa mwisho, na kingo zake zilipunguzwa kwa mshazari kwa ustadi ambao hauongezi nguvu yoyote. Ulikuwa ni urembo tu wa mtu aliyejivunia mkono wake. Nguzo za pembeni ziliachwa nene zaidi kule juu, ili zipate nafasi ya kupokea boriti kadhaa kwa mara moja. Nyumba ya Capen inaonyesha jambo jingine tena: ghorofa yake ya juu imechomoza mbele ya ile ya chini, na chini ya ncha zake yananing'inia mapambo ya mti yaliyochongwa. Yule aliyezoea nyumba za Mji Mkongwe, ambako upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ataingia katika vyumba hivi na kujiuliza swali lile lile la fundi: mti wa hapa uliruhusu nini? Mwaloni uliruhusu vyumba vipana, dari za chini na paa lenye mwinuko mkali.

Mjini Salem kuna nyumba mbili zinazotofautiana sana kwa namna zilivyotunzwa. Ya kwanza ni nyumba ya Eleazer Gedney, fundi wa meli, iliyojengwa mwaka 1665. Katika karne ya 20 ilikuwa imegawanywa na kupangishwa, na shirika la kuhifadhi majengo ya kale la Historic New England lilipoichukua mwaka 1967 sehemu ya ndani yake ilikuwa imekwisha kuvuliwa lipu. Shirika hilo halikuirudishia samani wala mapazia. Liliiacha wazi, kiunzi kikionekana, pamoja na mabaki ya rangi za mapambo ya zamani, ili mwanafunzi wa ujenzi aweze kusoma kila badiliko mahali lilipofanyika. Anayeingia hupewa mashaka pamoja na majibu, maana ukutani unaona pale palipozibwa dirisha, pale paa liliponyanyuliwa na pale chumba kilipoongezwa.

Ya pili ni ile inayojulikana duniani kote kwa jina la House of the Seven Gables, yaani Nyumba ya Mapaa Saba ya Pembetatu, iliyojengwa mwaka 1668 na John Turner, mfanyabiashara wa baharini. Mwaka 1908 ilinunuliwa na Caroline Emmerton, aliyemwajiri msanifu Joseph Everett Chandler kuitengeneza, na mwaka 1910 ikafunguliwa kwa wageni. Mapaa madogo ya pembetatu yaliyokuwa yameondolewa na wamiliki wa baadaye yalirudishwa. Lakini pia viliongezwa vitu ambavyo vilichochewa na riwaya ya Nathaniel Hawthorne ya mwaka 1851 yenye jina hilo hilo, badala ya kutoka katika historia ya nyumba: duka dogo, na ngazi ya siri iliyojengwa kando ya dohani. Wageni hupenda ngazi hiyo kuliko kitu kingine chochote. Kwangu mimi nyumba ya Gedney ni mwalimu bora zaidi, na sioni haya kusema hivyo. Hata hivyo simlaumu Emmerton, kwa kuwa mapato ya viingilio hayakuingia mfukoni mwake; yalisaidia kituo cha huduma kwa wahamiaji waliokuwa wakimiminika Salem wakati ule, na kazi hiyo imeendelea mpaka leo.

Na kuna jambo juu ya Emmerton ambalo Mzanzibari hawezi kulipita. Alikuwa mjukuu wa nahodha John Bertram, na urithi uliomwezesha kununua na kutengeneza nyumba ya 1668 ulitokana na utajiri wa babu yake huyo. Bertram, aliyezaliwa katika kisiwa cha Jersey mwaka 1796, alifanya biashara katika bahari nyingi, lakini Zanzibar ilikuwa moja ya nguzo za mali yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 alifika huko na meli yake Black Warrior na kupakia shehena kubwa ya sandarusi, utomvu mgumu wa miti unaotengenezewa vanishi. Jumba lake la matofali, lililojengwa katika miaka ya 1850 kwenye barabara ya Essex, lilitolewa na warithi wake baada ya kifo chake na kuwa maktaba ya umma ya Salem. Ni maktaba mpaka sasa. Mtoto wa Salem anayeazima kitabu hapo anapita katika mlango ambao fedha ya Zanzibar ilisaidia kuusimamisha.

Biashara yenyewe inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa sababu ndani yake ndimo mti na karatasi vinapokutana. Mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, ulitiwa saini Muscat mwezi Septemba 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawasili Zanzibar akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Ubalozi wake na biashara yake vilikuwa kitu kimoja. Alishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, msimamizi wa forodha ya Sultani, na shehena zake ziliendeshwa kwa ushirika na matajiri wa Salem. Meli zilileta nguo ngumu ya pamba isiyotiwa rangi, ile ambayo bibi zetu waliiita merikani, pamoja na bunduki, baruti na vyombo vya nyumbani. Zilirudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Sandarusi ilichimbwa ardhini upande wa Mrima, yaani pwani ya bara, ikavushwa Zanzibar ikiwa na ganda lake la mchanga, na kwa miaka mingi ilisafishwa Salem kwenyewe, katika kiwanda cha Jonathan Whipple, kabla ya kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Kazi hiyo ilififia Marekani ilipoongeza ushuru wakati wa vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe.

Mmoja wa matajiri walioshirikiana na Waters alikuwa David Pingree. Mwaka 1834 Pingree alinunua nyumba ambayo wanahistoria wengi wa usanifu huiweka miongoni mwa nyumba nzuri kuliko zote za zama zake nchini Marekani. Ni jengo la matofali la ghorofa tatu lililojengwa kati ya 1804 na 1805 kwa ajili ya John Gardner, na nakshi zake zilibuniwa na kuchongwa na Samuel McIntire, mtoto wa Salem aliyezaliwa 1757 na kufariki 1811, ambaye jina lake limepewa mtaa mzima wa kihistoria. Katika kazi za McIntire nakshi hazipigi kelele. Shada la ngano, kikapu cha matunda na utepe mwembamba juu ya meko vimechongwa kwa kina kidogo sana kwenye mti laini, kisha vikapakwa rangi nyeupe, na uzuri wake unatokana na kivuli ambacho mwanga wa dirishani unakiangusha. Nimesimama mbele ya meko moja mpaka msimamizi akaniuliza kwa upole kama ninahitaji msaada.

Lazima niwe mwangalifu hapa. Nyumba hii haikujengwa kwa fedha ya Zanzibar. Ilikuwa na umri wa miaka 30 hivi Pingree alipoinunua, na meli za Salem zilianza kuizoea Zanzibar katikati ya miaka ya 1820. Utajiri uliojenga nyumba nyingi za McIntire ulitoka mashariki zaidi na kabla ya hapo, hasa katika pilipili manga ya Sumatra. Lakini nyumba haiishi kwa msingi wake tu. Mtu huifanyia ukarabati, huilipia kodi, huirithisha, na huo ndio mkondo ambao faida ya pembe na sandarusi ilipitia mpaka mwaka 1933, ambapo ukoo wa Pingree uliikabidhi nyumba kwa taasisi iliyotangulia Makumbusho ya Peabody Essex ya leo. Makumbusho hayo hayo yana picha ya rangi ya Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said aliyefika New York mwaka 1840 na meli Sultana. Natamani picha ile ingetundikwa siku moja ndani ya nyumba ya Pingree, kwa kuwa hapo ingeeleweka bila maelezo marefu.

Hesabu za biashara hiyo zina upande wa giza. Waters alikuwa mtu wa dini na alichukia utumwa, lakini pembe alizonunua zilifika pwani kwa misafara ambayo mara nyingi ilihusisha watumwa, karafuu zilichumwa na watumwa, na pamba ya merikani ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini mwa nchi yake mwenyewe. Viwanda vya Massachusetts viliisokota, na baada ya 1847 hata Salem ilikuwa na kiwanda chake kikubwa cha pamba, Naumkeag. Anayeziandika nyumba hizi bila kuutaja mnyororo huo anaandika juu ya ukuta wa mbele peke yake.

Zipo dalili kwamba jambo hili linaweza kufanywa vizuri. Mwaka 1963 nyumba moja ya mbao ya karne ya 18 mjini Ipswich, isiyokuwa na sifa ya kipekee, ilikuwa karibu kubomolewa. Wanawake wachache wa mjini walipiga simu hadi taasisi ya Smithsonian, na kiunzi kikafunguliwa kigingi kwa kigingi, kikasafirishwa hadi Washington na kusimamishwa ndani ya makumbusho ya taifa. Mwanzoni kilionyeshwa kama mfano wa ujenzi wa kale. Mwaka 2001 kilifunguliwa upya kwa maelezo ya watu waliowahi kuishi humo, na miongoni mwao alikuwemo Chance, mtumwa mwenye asili ya Afrika, ambaye anajulikana kwa kuwa bwana wake Abraham Dodge alimwachia mkewe, katika wosia wake, haki ya utumishi wa mtu huyo. Walikuwemo pia wapinga utumwa wa karne ya 19, na mfuaji nguo wa Kiayalandi na binti yake. Mti ni ule ule uliotazamwa tangu miaka ya 1960, ila safari hii karatasi zimewekwa kando yake.

Salem yenyewe ina Hamilton Hall, jengo la McIntire la mwaka 1805 lenye ukumbi wa dansi na karamu. John Remond, mtu mweusi aliyetoka Curaçao akiwa mtoto, aliishi na kufanya kazi humo, akiandaa karamu za matajiri hao hao wa baharini, na ukoo wake ukatoa wazungumzaji wawili mashuhuri wa kupinga utumwa, Charles Lenox Remond na dada yake Sarah Parker Remond, ambaye baadaye alisomea udaktari nchini Italia. Chini ya ukumbi ule ndiko yalikokuwa majiko. Mgeni anayepandishwa ghorofani kutazama vioo bila kuambiwa habari za majiko amenyimwa nusu ya jengo.

Kuhusu hatari zinazozikabili nyumba hizi, moto ndio adui mkongwe kuliko wote. Newburyport iliungua mwaka 1811 na ikajengwa upya kwa matofali, na ndiyo maana katikati ya mji huo panafanana sana. Mwezi Juni 1914 moto uliteketeza majengo zaidi ya 1,300 ya Salem, pamoja na kiwanda cha Naumkeag, lakini haukuifikia barabara ya Chestnut yenye majumba ya manahodha. Katika miaka ya 1960 hatari ilikuja kwa jina la maendeleo: mipango ya kubomoa katikati ya Salem na Newburyport kwa ajili ya magari na maduka mapya. Mkosoaji wa usanifu Ada Louise Huxtable aliandika mwaka 1965 kuikemea mipango ya Salem, wakazi wakasimama kidete, na miji yote miwili hatimaye ikaelekeza fedha za serikali kuu kwenye ukarabati badala ya ubomoaji, ingawa baadhi ya mitaa ilikuwa imekwisha kuangushwa.

Sheria za huko zina mipaka ambayo wasomaji wa Lamu na Zanzibar wataitambua. Katika mtaa uliotangazwa kuwa wa kihistoria, mwenye nyumba lazima apate idhini kabla ya kubadilisha sehemu ya nje inayoonekana kutoka barabarani, lakini ndani anaweza kung'oa meko ya mwaka 1690 bila kumwuliza mtu. Kuorodheshwa katika daftari la taifa la majengo ya kihistoria hakumzuii mmiliki binafsi anayetumia fedha yake mwenyewe. Kinachozilinda nyumba kwa ndani ni mapatano yanayoandikwa katika hati ya umiliki, ambayo mwenye nyumba hukubali kwa hiari na ambayo humfunga kila atakayeinunua baada yake. Historic New England inasimamia mapatano mengi ya namna hiyo, na kwa maoni yangu huo ndio ubunifu wa huko unaofaa kuchunguzwa zaidi na wanasheria wetu wa pwani. Baada ya sheria inabaki gharama: mbao za chini zinazolala juu ya mawe ya msingi huoza na kuhitaji kubadilishwa, wadudu hula mwaloni, saruji huharibu matofali ya kale yaliyozoea chokaa, na vizuizi vya baridi vya kisasa vikiwekwa vibaya hufungia unyevu ukutani. Sisi tulioiona Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu la Zanzibar, ikiporomoka tarehe 25 Desemba 2020 tunajua kwamba jengo linaweza kuwa na heshima yote ya dunia na bado likaanguka kwa kukosa matengenezo ya wakati.

Barua na daftari za Waters zimo katika maktaba ya Phillips, iliyo chini ya Makumbusho ya Peabody Essex. Kwa muda mrefu maktaba hiyo ilikuwa Salem, hatua chache kutoka nyumba ya Pingree. Mwaka 2018 ilifunguliwa katika jengo jingine mjini Rowley, kaskazini ya Ipswich, na wakazi wengi wa Salem walilalamika vikali kwamba kumbukumbu za mji wao zimeondolewa nyumbani. Ghala la kisasa lenye hewa inayodhibitiwa ni salama zaidi kwa karatasi, na hilo silipingi. Ninachokiomba ni kwamba nakala za kurasa zinazotaja Zanzibar, zenye majina ya Jairam na ya Sultani, bei za frasila ya pembe na idadi ya majora ya merikani, ziwekwe wazi katika chumba kimoja cha nyumba ya Pingree, na nakala nyingine zipelekwe katika nyaraka za taifa za Zanzibar, ambako watafiti wetu watazisoma wakiwa na hesabu za upande wa pili mezani.